Mwalimu wa wasioona anasema PDF yangu haisomeki: nitengeneze kitabu kingine?

*Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Nimeandika kitabu cha hadithi fupi na mashairi, kurasa 140, kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba. Mwalimu mmoja anayefundisha watoto wasioona aliniomba nakala laini, nikamtumia PDF niliyopewa na mpigachapa. Baada ya siku mbili akaniambia kompyuta inasoma vurugu: namba za kurasa zinaingia katikati ya sentensi, mashairi hayana kichwa wala miguu, na picha ziko kimya. Je, niwatengenezee kitabu kingine? Na cha nukta nundu nacho kiwe cha tatu?*

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake litakupunguzia mzigo. Huhitaji vitabu vitatu. Unahitaji faili moja iliyopangwa vizuri, na humo ndimo kitatoka kitabu cha karatasi, cha kusikilizwa kwenye kompyuta au simu, na cha nukta nundu, au breli kama wanavyosema wengi Kenya. Hadithi zako hazina tatizo. Tatizo ni aina ya faili uliyotuma.

PDF ya mpigachapa imeandaliwa kwa ajili ya mashine ya kuchapa. Ndani yake kila herufi imepangiwa mahali pake kwenye karatasi, basi. Haijui aya inaanzia wapi, wala kipi ni kichwa cha hadithi na kipi ni namba ya ukurasa. Wewe ukiitazama, jicho ndilo linalofanya kazi hiyo: unaona maandishi makubwa yaliyokolezwa, unajua hadithi mpya imeanza, unaona namba ndogo chini, unairuka bila hata kufikiri. Kisoma skrini, yaani ile programu inayotamka yaliyoandikwa, hakina jicho hilo. Kinasoma kwa mfuatano kinaoukuta ndani ya faili, ndiyo maana mtoto anasikia: "Juma akafungua mlango akaona hamsini na saba Sura ya Tatu nyoka mkubwa." Neno lililokatwa mwisho wa mstari nalo hutoka vipande viwili, "wana" halafu "funzi". Zipo PDF zilizowekewa alama za ndani za vichwa na aya, nazo husomeka vizuri. Lakini kuiwekea alama hizo PDF iliyokwisha kutengenezwa bila alama ni kazi kubwa kuliko kurudi kwenye chanzo.

Kwa hiyo rudi kwenye chanzo: faili lako la Word. Kabla hujaligusa, hakikisha masahihisho ya mwisho yamo. Mara nyingi makosa yanayogunduliwa siku za mwisho husahihishwa kwenye kompyuta ya mpigachapa peke yake, na faili la mwandishi hubaki na makosa yale yale. Chukua kitabu cha karatasi, kaa na Word pembeni, linganisha ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini ifanye. Mtoto asiyeona asipewe kitabu chenye makosa ambayo wenzake wameshasahihishiwa.

Sasa kazi yenyewe. Kanuni ni moja, na mengine yote yanatoka humo: kila kinachoonekana kwa macho na chenye maana, maana hiyo iandikwe ndani ya faili. Tuseme kichwa cha hadithi ulikiandika kwa herufi kubwa, ukakikoleza na kukiweka katikati. Kwa kompyuta hiyo bado ni aya ya kawaida iliyopambwa. Kichague, kisha ukipe mtindo wa Heading 1 kutoka kwenye orodha ya mitindo ya Word. Vichwa vidogo ndani ya hadithi, kama "Zoezi" au "Msamiati", vipe Heading 2. Kwenye skrini unaweza usione tofauti kubwa, ila kwa msomaji wako ni kama kuwekewa milango katika nyumba iliyokuwa ukuta mtupu. Anayetumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, hubonyeza herufi H na kuruka kichwa hadi kichwa, au namba 1 ili apite vichwa vikuu tu. Bila mitindo hiyo, kuifikia hadithi ya tisa kunamlazimu kupita zile nane zilizotangulia.

Ukiwa hapo hapo, ondoa mistari mitupu. Wengi wetu tulizoea kubonyeza Enter mara tano ili hadithi mpya ianze ukurasa mpya. Anayesikiliza hutangaziwa mstari mtupu, mstari mtupu, mpaka adhani kitabu kimekwisha. Kwenye karatasi ya nukta nundu mistari hiyo inakula nafasi: ukurasa wa kawaida una mistari 25 tu, kila mmoja una seli 40, na seli moja ni herufi moja au alama moja. Tumia agizo la kuvunja ukurasa, na nafasi kati ya aya iwekwe kwenye mtindo. Ile herufi kubwa ya mapambo mwanzoni mwa hadithi pia iondoe. Nimewahi kukuta "Mtoto" ikisomwa "M… toto", na mahali ambapo herufi ilikuwa picha, ikabaki "toto" peke yake.

Namba za kurasa usizifute. Wengi hukosea hapa: wakishasikia namba zinaingilia sentensi, wanaziondoa zote. Fikiria darasa la mchanganyiko, wanaoona na wasioona pamoja. Mwalimu anasema, "Fungueni ukurasa wa 47." Thelathini wanafungua, mmoja anabaki anauliza jirani yake hadithi inaitwaje. Namba za kitabu cha karatasi zibaki, ila zikae kama alama na zisiwe sehemu ya maandishi ya kawaida. Pale ukurasa wa 47 unapoanzia, andika namba hiyo na uipe mtindo maalumu wa namba za kurasa. Programu ya kugeuza faili kuwa EPUB, yaani aina ya faili la kitabu cha kielektroniki, itaifanya iwe orodha ya kurasa, na mtoto ataweza kuambia kifaa chake, nipeleke 47. Ukurasa ukikatika katikati ya neno, weka namba baada ya neno hilo.

Halafu kuna ng'. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaotengeneza programu hawaijui lugha yetu, na wahariri wetu hawaioni tofauti kwa macho. Katika faili moja la Kiswahili nimewahi kukuta "ng'ombe" imeandikwa kwa alama nne: ritifaa iliyonyooka, ritifaa iliyopinda, alama ya kufungua nukuu, na kile kimkwaju kilicho juu kushoto kwenye kibodi. Kwenye karatasi zote zinafanana. Katika nukta nundu ritifaa ni nukta moja tu, nukta ya 3. Alama ya kufungua nukuu ni kitu kingine kabisa, na programu ya kugeuza maandishi itaiweka kama ilivyoambiwa. Kidole cha mtoto kinakuta "ng", kisha nukuu imefunguliwa katikati ya neno, kisha "ombe". Nako kutafuta kunakwama: akiandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, kifaa hakimpi zile zilizoandikwa vingine. Tumia agizo la kutafuta na kubadilisha, chagua ritifaa moja, ipitishe kitabu kizima: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, king'ora, zote.

Tuje kwenye mashairi, ambako naona ndiko mwalimu mwenzako alikoumia zaidi.

Vitabu vyetu vingi hupanga shairi kwa safu mbili, ukwapi kushoto na utao kulia. Kwa macho linapendeza, vina vya kati vinasimama mstari mmoja kama askari. Lakini ikiwa safu hizo zimetengenezwa kwa visanduku au safu za ukurasa, kisoma skrini kinasoma ukwapi wote wanne kwenda chini, halafu utao wote wanne. Shairi limekufa hapo. Kama umetumia vitufe vya tabu, sauti inaweza kulisoma sawa, lakini kwenye nukta nundu yanazuka mapengo yasiyo na maana. Andika mshororo mzima kwenye mstari mmoja, ukwapi, mkato, utao. Mwisho wa mshororo bonyeza Shift na Enter ili ubaki ndani ya ubeti ule ule. Mwisho wa ubeti bonyeza Enter peke yake. Uwe na mtindo mmoja unaouita "Ubeti" na uutumie kwa mashairi yote. Namba ya ubeti iandike kama maandishi mwanzoni, usiiache Word iiweke yenyewe pembeni.

Tazama mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Kitabu nimekipata, kwa vidole nakisoma,

Mizani 16, nane kwa nane. Sasa tuuhesabu kwa seli, herufi kwa herufi bila vifupisho. K kubwa inahitaji alama ya herufi kubwa mbele yake, hivyo "Kitabu" ni seli 7. Nafasi, 8. "nimekipata" na mkato wake, 19. Nafasi, 20. Utao, "kwa vidole nakisoma" na mkato, ni seli 20 nyingine. Jumla 40 kamili: umejaa mstari wote wa karatasi, hakuna hata seli ya ziada. Uongeze herufi moja tu, au namba ya ubeti mbele, na neno la mwisho linamwagika kwenye mstari wa pili. Mishororo yako mingi itamwagika, kwa sababu maneno yetu ni marefu.

Kumwagika si kosa. Kosa ni kumwagika bila alama. Siku moja nilikuwa nimekaa na msahihishaji wetu wa nukta nundu, mtu asiyeona tangu utotoni, akipitia mashairi niliyoyapanga mimi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinateleza kwa kasi, kushoto kwenda kulia, mkono wa kushoto ukitangulia kushika mstari unaofuata. Ghafla kikasimama. Akarudi juu, akashuka tena taratibu, akahesabu. "Ubeti huu una mishororo mingapi?" Nikamwambia minne. "Mimi nimepata minane." Kila mshororo ulikuwa umemwagika, na kipande kilichomwagika kilianza ukingoni kabisa, mahali pale pale unapoanza mshororo mpya. Kwa macho ningeona ni mabaki tu, kwa kuwa ni neno moja fupi. Yeye alikuwa na mstari mmoja chini ya kidole, na mstari huo ulimwambia: mshororo mpya. Tangu siku hiyo kila shairi ninalolipanga, mshororo huanza seli ya kwanza, na unaomwagika huendelea kwenye seli ya tatu. Seli mbili tupu zinatosha kumwambia msomaji kwamba mshororo bado haujaisha. Ukimpelekea mwandaaji wa nukta nundu faili lenye mtindo wa "Ubeti", atalipanga shairi hivyo kwa agizo moja kwa kitabu kizima. Ukimpelekea safu mbili, atalazimika kuliandika shairi upya.

Utauliza, kama kompyuta inatamka Kiswahili, nukta nundu ya nini tena? Kwa hadithi, sauti inaweza kutosha. Lakini mtoto anayefundishwa vina na mizani anahitaji kuzigusa herufi, na anahitaji kujua kwamba "dhamana" na "thamani" hazianzi kwa herufi moja. Anayesikia tu huandika anavyosikia. Siko tayari kukubali kwamba mtoto asiyeona ahesabiwe amesoma shairi kwa kulisikia mara moja likipita.

Picha zako. Bofya kila moja, fungua sehemu ya maelezo mbadala, andika kile ambacho hadithi inakihitaji. Usianze na "picha ya", kwa sababu kisoma skrini kitakuwa kimeshatangaza kwamba ni picha. Tuseme ni picha ya bibi na mjukuu. "Bibi na mtoto wamesimama" haisaidii kitu. "Bibi anamkabidhi Asha kibuyu, mkono wake mwingine ameuficha nyuma ya mgongo" ndiyo inayomfanya msomaji ajiulize kilichofichwa, kama anavyojiuliza anayeona. Sentensi moja au mbili. Maua ya pembeni na mistari ya urembo, viweke kuwa mapambo tu ili visomaji viviruke.

Mazoezi yapitie moja moja, hasa kwa kuwa wewe ni mwalimu na unajua swali linataka nini. "Eleza maana ya maneno yaliyopigiwa mstari": visomaji vingi, vikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, havitangazi mstari wa chini. Yataje maneno yenyewe ndani ya swali. Pengo lililochorwa kwa mistari ishirini ya chini husomwa mstari, mstari, mstari, au linajaza nusu ya mstari wa nukta nundu. Kubalianeni na mwalimu alama moja fupi na uieleze mwanzoni mwa kitabu. Jedwali la msamiati lenye safu mbili lifanye orodha ya kawaida, neno, nukta pacha, maana.

Kisha iambie Word kwamba kitabu ni cha Kiswahili. Chagua maandishi yote, fungua sehemu ya lugha, weka Kiswahili. Faili likibeba alama ya Kiingereza, kisoma skrini kinaweza kuwasha sauti ya Kiingereza na kuyatamka maneno yako kwa kanuni za huko, mpaka "wapi" na "jino" zisitambulike. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG ambayo inajua Kiswahili. Si tamu sikioni, lakini inatamka sawasawa, mradi iambiwe. Sentensi nzima ya Kiarabu au Kiingereza ipe alama ya lugha yake. Neno moja moja la mkopo liache, maana sauti inayobadilika kila neno inachosha.

Hapo faili lako liko tayari kugeuzwa. DAISY Consortium, muungano wa kimataifa ulioanza mwaka 1996 kwa ajili ya vitabu vya wasioona, hutoa bure programu iitwayo WordToEPUB. Inalichukua faili la Word na mitindo yake na kulitoa likiwa EPUB, yenye yaliyomo, vichwa na orodha ya kurasa. EPUB hujipanga upya kulingana na kifaa, kwa hiyo hata mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kukuza maandishi bila mistari kukatika. Likague kwa programu yao nyingine, Ace, ambayo itakuonyesha picha isiyo na maelezo au kichwa kilichoruka ngazi. Ace haiwezi kujua kama maelezo ya picha yana maana, wala kama shairi limepangwa sawa. Hayo ni macho na masikio yako. Lifungue kwenye Thorium, programu ya kusomea EPUB, nayo ya bure, washa NVDA, zima skrini, na ujaribu kuifikia hadithi ya tisa. Usiliwekee faili nywila wala kufuli. Baadhi ya kufuli huzuia pia visoma skrini.

Kwa nukta nundu, mpe mwandaaji faili la Word au EPUB hilo hilo. Usikubali kubaki na BRF peke yake. BRF ni faili ambalo limeshapangwa mistari na kurasa, zuri kwa printa ya nukta nundu, lakini likipangwa kwa seli 40 hubaki hivyo. Mtoto mwenye Orbit Reader 20, kifaa cha kusomea nukta nundu chenye seli 20 ambacho Kilimanjaro Blind Trust Africa imekuwa ikikisambaza kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, atahitaji faili lililopangwa kwa upana wake, na hilo hutolewa kwenye chanzo kwa dakika chache. Ujiandae pia kwa unene. Ukurasa wa karatasi wenye maneno 300 hufika herufi 1,900 hivi pamoja na nafasi, na ukurasa wa nukta nundu una seli 1,000. Kurasa zako 140 zinaweza kupita 280, tena karatasi nene, hivyo kitatoka kwa majuzuu. Amua wewe juzuu zikatwe wapi, mwisho wa hadithi, na kila moja iwe na yaliyomo yake.

Kuhusu haki: kitabu ni chako, toa ruhusa kwa barua na uishie hapo, ila kama ulisaini mkataba na mchapishaji mwulize kwanza. Mwalimu mwenzako atakapohitaji vitabu vya wengine, upo Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016. Unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona bila kusubiri idhini ya mwenye haki, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga.

Usianze na kurasa zote 140. Chukua hadithi moja yenye picha na zoezi, na shairi moja lenye beti tano au sita, uyapange kama nilivyoeleza, kisha uende shuleni mwenyewe ukakae pembeni ya mtoto mmoja akisoma. Usimsaidie. Kila mahali atakaposimama au kurudi nyuma, andika ukurasa na neno. Ukirudi nyumbani na orodha hiyo, nitumie, tutaipitia pamoja kabla hujagusa hadithi ya pili.